Risasi ya Pili Haipandi

Shambani, Magaliesburg
Alhamisi, 6 Juni 2024

Shemeji Karimu,

Sisi wazima, Tabia anakusalimu, na salamu ziishie hapo kwa sababu nina hasira.

Ile bunduki uliyomchagulia mama mwenye shamba, Tannie Rina, mwezi wa nne, ya kukoki kwa ule mkono wa chuma wa chini, imeanza kunichezea. Risasi ya kwanza inatoka vizuri. Nikivuta mkono chini, ganda linaruka. Nikiurudisha juu, inalia kama kawaida, lakini ndani hamna kitu. Risasi ya pili haipandi. Zimo kwenye bomba chini ya mtutu, nimezijaza mwenyewe sita, na humo zinakaa. Mwezi wa tano wote ilikuwa sawa. Sasa asubuhi tatu mfululizo mbweha amesimama mbele yangu, hatua sitini. Mara ya kwanza namkosa, mara ya pili nafyatua hewa. Jana alinitazama, shemeji, kisha akaondoka akitembea.

Wanakondoo wanne wamekwenda tangu Jumapili, na huu ndio msimu wao wa kuzaliwa. Tannie Rina si mtu wa kelele, lakini amesema kama mwisho wa mwezi wa saba bado wanaliwa, atauza kondoo wote. Kondoo wakiuzwa, msimamizi wa nini? Na nyumba tunayolala ni ya msimamizi.

Huku bondeni simu haishiki, na sauti nilizokutumia kutoka kilimani ulisema husikii ila upepo. Basi naandika. Tannie anakuja mjini kila Alhamisi kwa daktari wake wa mgongo, atakuletea barua na bunduki pamoja. Wewe ndiye fundi, na wewe ndiye uliyesema hii ni nzuri. Itengeneze.

Muramu wako (kwetu Burundi ndivyo tunavyomwita shemeji, nakukumbusha kwa sababu hujawahi kuniita hivyo),
Melchior


Turffontein
Siku hiyo hiyo, saa nane mchana

Shemeji Melchior,

Bunduki nimeipokea, karatasi za leseni ya shamba nimeziona, na Tannie wako nimemkaribisha chai kabla hajaenda kwa daktari. Bunduki niliiweka mezani kando ya hita, nikala chakula changu cha mchana, kisha nikaijaza risasi za bandia na kuikoki mara arobaini. Arobaini! Zote zilipanda, zote zikatoka. Bosi alikuja kutazama akadhani nimechanganyikiwa.

Kwa hiyo nitasema kwa upole niliobakiwa nao: tatizo ni mkono wako. Wageni wa bunduki hizi huzivuta kwa adabu, kama anayefungua mlango wa chumba cha mgonjwa. Ukiuvuta nusu, kile kijiko kinachoinua risasi hakishuki mpaka chini, na risasi haina pa kuingia. Vuta mpaka ugonge mwisho, rudisha kwa nguvu ile ile. Haitavunjika.

Mengine ni yale niliyokubandikia ndani ya sanduku: isikae kavu, ipakwe mafuta kila Jumapili, na isiguswe na mtu yeyote asiye na cheti. Kwenye mafuta sina neno, umeipaka vizuri, inang'aa.

Mwambie Tabia nimemwekea mafuta yake ya nazi mfukoni, yale safi ya Fordsburg. Na asamehe karatasi hii kunuka moshi, kama kweli inanuka. Mke wangu Mayasa aliniachia maharage asubuhi niyaangalie, yakaungua nami nimekaa hapo hapo jikoni na daftari hili, naandika anwani za wateja. Tangu ile korona, pua yangu ni pambo tu la uso.

Shemeji yako,
Karimu


Shambani
13 Juni 2024

Shemeji,

Nimevuta kwa nguvu. Nimevuta mpaka bega linauma. Ijumaa mchana niliweka makopo juu ya ukuta nikapiga matano, yote yakaanguka, bunduki ikawa kama cherehani. Nikamwambia Tabia: kaka yako ana maneno, lakini ana akili.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, mbweha huyo. Risasi ya kwanza, ya pili haipandi. Jumapili hivyo hivyo. Jumatatu niliivuta kwa nguvu mpaka nikajiumiza vidole, haipandi. Mchana nikajaribu tena kwenye makopo, ikapiga zote sita.

Wanakondoo sasa ni saba. Mmoja alikuwa wa yule kondoo mweusi wa Tannie, anayemlisha kwa mkono. Alikuja mwenyewe kumtazama pale chini, akasimama kwa fimbo yake, kisha akarudi nyumbani. Eish, heri angenitukana.

Usiniandikie habari ya mkono tena.

Melchior


Turffontein
13 Juni 2024

Shemeji,

Hebu soma ulichokiandika. Mbele ya makopo inafanya kazi, mbele ya mbweha haifanyi. Mimi ni fundi wa bunduki, woga sina springi zake.

Lakini haya, tuseme mkono wako ni mzuri. Nijibu maswali yangu kama mtu aliye mahakamani. Risasi ni zipi, na ncha zake zikoje? Kama kuna mtu amekuuzia zenye ncha kali, zitoe leo hii, kwenye bomba zinapangana moja nyuma ya nyingine na ncha inagusa kitako cha mwenzake, utakuja kulipukiwa mikononi. Bunduki inalala wapi? Nani anaisafisha, na kwa mafuta gani?

Na Alhamisi ijayo uilete ikae kwangu wiki nzima. Nitaifungua yote.

Karimu


Shambani
20 Juni 2024

Shemeji,

Bunduki hiyo. Wiki hii nitawafukuza mbweha kwa debe na mbwa wawili wazee, mmoja haoni.

Risasi ni zile zile za dukani kwenu, ncha bapa, nimeambatisha moja uione. Bunduki inalala kwenye kabati la chuma, stoo ya nje, kama polisi walivyotaka walipokuja kukagua. Nani anaisafisha? Mimi mwenyewe, kila Jumapili, kwa mafuta ya bunduki. Ulifikiri nani?

Huku asubuhi maji ya kondoo yanakuwa barafu, navunja kwa shoka.

Kuna watu wa kampuni ya ulinzi walikuja Jumanne kuitazama nyumba yetu, walinzi wao wahamie humo kondoo wakiuzwa. Tannie aliwaonyesha vyumba mimi nikiwepo. Tabia alikuwa anapika, akawapikia na wao.

Melchior


Turffontein
27 Juni 2024

Shemeji,

Nimeifungua mpaka skrubu ya mwisho. Kijiko kimelika kidogo upande mmoja, nimekisawazisha. Springi ya bomba nimeitoa nikaweka mpya, ingawa ile ya zamani ilikuwa haina kosa. Nilifanya hivyo ili usije ukaniandikia habari ya springi. Vyote nimeviosha kwa mafuta ya taa, bomba nimelipitisha kitambaa mara kumi, vikatoka vimajimaji vya ajabu, nadhani grisi ya mmiliki wa kwanza. Nikakausha, nikagusisha mafuta kidogo sana, nikaikoki mara mia moja. Bosi sasa haji tena kutazama.

Huyo mzee wa kwanza aliitumia miaka thelathini kule Free State. Bunduki nzima kabisa. Kama safari hii ikikataa, nipeleke mimi kwa daktari wa Tannie.

Usisahau mafuta ya Jumapili. Ni baridi na vumbi, chuma kikavu kinaliwa na kutu.

Karimu


Shambani
4 Julai 2024

Shemeji,

Ijumaa alfajiri, risasi tatu mfululizo, mbweha mmoja chini. Jumamosi mwingine. Tannie Rina alinishika bega. Tabia alinipikia wali wa nazi siku ya kawaida! Nilikutungia kichwani barua nzuri sana, ungeibandika ukutani.

Jumatatu asubuhi risasi ya pili haikupanda. Jumanne haikupanda. Leo hii haikupanda, na wanakondoo wawili wamekwenda.

Sasa nakuuliza kitu ambacho nimekikalia kimya mwezi mzima. Hii bunduki ilikaa dukani kwenu muda gani bila mnunuzi? Bosi wako alikuambia uiondoe, ukakumbuka una shemeji Mrundi shambani ambaye hatajua tofauti? Ulipokuja kututembelea ulimwambia Tabia, mimi nikiwa mlangoni, kwamba angeolewa kwenu Tanga angekuwa na nyumba ya kwake. Nilisikia. Basi furahi, karibu hata hii ya kuazima itatutoka.

Melchior


Turffontein
4 Julai 2024

Melchior,

Tannie yuko kwa daktari, nina saa moja, nitaitumia vizuri.

Bunduki ile ilikaa dukani siku tisa. Watu wawili waliitaka, nikaificha nyuma ya pazia kwa ajili yenu. Nimempigia bosi magoti anipe muda wa kuifungua bila kazi nyingine. Nimeikoki mara nyingi kuliko mtu aliyeiunda. Nawe unaniambia nimekuuzia takataka.

Nilichomwambia Tabia kuhusu Tanga nilikisema, na sikupaswa. Lakini usikitie ndani ya bomba la risasi.

Kwangu inafanya kazi. Kwako haifanyi. Kati ya kwangu na kwako kuna kitu unachonificha, na mpaka utakaponiambia usiniletee tena.

Karimu


Shambani
11 Julai 2024

Kaka Karimu,

Shikamoo. Leo naandika mimi, kwa sababu mume wangu amekataa kushika kalamu na wewe najua umeketi huko umevimba. Mmekuwa kama watoto wanaogombea kiti. Barua zako zote nimezisoma, hata ile ya mwisho aliyoificha chini ya unga.

Amka nikuambie hali yetu. Wale wa kampuni ya ulinzi wamerudi na kipimo cha mita. Mume wangu anatoka kabla hakujapambazuka, anakaa kwenye nyasi zenye barafu na bunduki anayojua ina risasi moja. Mikono imepasuka. Akirudi, chakula hali. Kisha anapokea karatasi kutoka Turffontein inayosema yeye ni mwoga. Melchior si mwoga, kaka, na siku ukijua ninachokijua utatafuta pa kuuweka uso.

Hakuna anachokuficha kuhusu bunduki ila kimoja, nami nakisema kwa sababu nimechoka: anayeipaka mafuta ni mimi. Najua sina cheti. Lakini nafanya kama ulivyoandika, kila Jumapili, tena siibanii. Nilikumbuka Baba pale dukani Ngamiani na cherehani zake, alivyokuwa akizinyweshea na kusema chuma nacho kina kiu. Namimina kwenye bomba, namimina pale kidirishani pa kuingizia risasi, nafuta kwa juu mpaka inang'aa. Wewe mwenyewe ulisifu.

Ndiyo maana chupa uliyoleta imekwisha, nusu imenywewa na bunduki. Nitumie mbili safari hii. Na kama kuna ya aina nyingine chukua, hii kwa baridi ya huku inakuwa ngumu kama mshumaa, lazima niiweke kando ya jiko iyeyuke ndipo nimimine.

Mdogo wako,
Tabia


Turffontein
11 Julai 2024

Tabia, Tabia, Tabia,

Marahaba. Nimepiga kelele mpaka bosi ametoka ofisini akidhani kuna mtu kajipiga risasi.

Mafuta ya nazi! Mdogo wangu, Tanga hayajawahi kuganda tangu dunia iumbwe. Baba angeweza kunyweshea garimoshi. Huko kwenu alfajiri ni barafu, unamimina yakiwa moto, yanaingia kila tundu, kisha bunduki inapelekwa stoo ya nje na yanakuwa mshumaa. Springi inasukuma, risasi zimegandia bombani kama ndizi kwenye siagi. Jua likitoka yanayeyuka, makopo yanaanguka. Ikija kwangu naiweka kando ya hita. Kando ya hita, Tabia! Nimekoki mara arobaini mafuta ya nywele yaliyoyeyuka, kisha nikayaosha nikiyaita grisi. Mtu yeyote mwenye pua angejua siku ya kwanza.

Kosa ni langu, naliandika hapa ulitunze. Niliandika "mafuta" nikaona inatosha, na chupa nilizituma kwa mkono wangu mwenyewe.

Fanyeni hivi leo hii. Toeni risasi zote, hakikisheni chemba ni tupu. Melchior afungue kofia ya mbele ya bomba, aishike springi isimrukie usoni, aitoe. Vyote vioshwe kwa mafuta ya taa mpaka visiteleze, vikaushwe, viachwe karibu vikavu. Nimeweka kichupa chembamba cha mafuta ya bunduki: tone moja kwenye ekseli ya mkono, basi. Ndani ya bomba hata tone moja lisiingie.

Na mwambie mumeo kitu kimoja kinanichoma. Nilimwuliza kwa maandishi nani anaisafisha, na kwa mafuta gani. Akanijibu kwa maandishi ni yeye, kwa mafuta ya bunduki. Angesema kweli ningekuuliza wewe ni mafuta gani, na wanakondoo wale wangekuwa hai. Kwa nini alinidanganya?

Kaka yako,
Karimu


Shambani
25 Julai 2024

Muramu Karimu,

Tuliosha siku ile ile, Tabia akisoma barua yako kwa sauti na kulia kwa kicheko. Tangu tarehe kumi na mbili bunduki imepiga kila nilipoiambia. Mbweha watatu. Leo nimempa Tannie akuletee uikague. Hakuna mwanakondoo aliyekwenda. Jana Tannie Rina amesema kondoo wanabaki, na wale wa kampuni ya ulinzi amewapigia simu wasije. Tabia ameanza tena kulima tuta lake la mchicha nyuma ya nyumba.

Sasa swali lako. Nimelikalia wiki mbili.

Mwaka tisini na saba nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kwetu ilikuwa vita, wapiganaji walitukamata njiani, mimi na François, mtoto wa baba mdogo, wakatupeleka porini. Yeye alibebeshwa mizigo. Mimi niliambiwa nina mikono mizuri, nikapewa kitambaa na kopo la mafuta. Kila jioni walinirundikia bunduki mapajani, nazisafisha. Miezi kumi na nne. Sijawahi kumpiga mtu risasi, muramu. Lakini kila bunduki iliyotoka pale ilitoka kwangu ikiwa safi. François alijaribu kutoroka. Iliyompiga niliijua kwa kitako chake kilichopasuka, nilikuwa nimeipangusa jioni iliyotangulia, na ilifanya kazi vizuri sana.

Kumlenga mbweha naweza. Kuikoki naweza, kuibeba naweza. Kukaa nayo mapajani na kitambaa mkononi siwezi. Jumapili ya kwanza nilijaribu, nikatapika. Tabia akaninyang'anya kitambaa bila kuuliza, akasema hiyo ni kazi yake kuanzia leo. Hata siku ile ya kuosha aliosha yeye, mimi nilishika springi nikiwa nimetazama ukutani.

Nawe ukaniuliza nani anaisafisha. Ningekuandikia nini? Ulikuwa umeshaniita mwoga. Harufu ya nazi niliisikia kila asubuhi nikiweka shavu kwenye kitako. Nilidhani ni ya nywele zake kwenye koti langu, na ilikuwa inanituliza. Kwa hiyo sikuuliza.

Nisamehe kwa kudhani umetuuzia takataka.

Melchior


Turffontein
25 Julai 2024

Muramu Melchior,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nimekaa chini nikaisoma tena. Bosi aliniuliza kama nina msiba.

Mimi si mtu wa maneno laini, unanijua. Bado nina hasira. Nina hasira ya wiki zote hizi, ya springi nzima niliyoitupa, ya pua yangu. Na nina hasira kubwa kuliko zote kwa kile nilichokuandikia tarehe kumi na tatu mwezi wa sita kuhusu woga. Kichome moto, tafadhali. Kama umekihifadhi, kichome Tabia akiona.

Nimezungumza na Tannie Rina. Kuanzia leo, kila Alhamisi akienda kwa daktari ataniachia bunduki, akirudi anaichukua. Nimemwambia ni utaratibu wa karakana kwa bunduki za mitumba. Ameniamini, na bosi amenyamaza. Tabia asiiguse tena, hana cheti. Wewe usiiguse na kitambaa mpaka unakufa. Kazi yako ni mbweha.

Mfukoni mna chupa mbili za nazi. Ni za kichwa.

Hii ya leo nimeimaliza sasa hivi, nimeifunga mwenyewe kwenye sanduku. Ukiishika kesho asubuhi kumbuka, imetoka kwangu ikiwa safi.

Muramu wako,
Karimu